Shimo Lililohudhuria Kliniki

Nimefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na miwili, na maswali niliyoulizwa hayahesabiki. Nimeulizwa kama mama akila ndimu mtoto atatoka na hasira. Nimeulizwa na mwanamume mzima, ana ndevu zake, kama mimba inaweza kuhama kutoka kwa mke mkubwa kwenda kwa mke mdogo. Yote nimeyajibu, mengine kwa upole, mengine kwa mdomo wangu huu ambao marehemu mume wangu aliuogopa kuliko polisi. Lakini kulipima shimo ujauzito, hilo nililifanya kule Nyanungu tu, wakati wa dhahabu, na ninalisimulia mwenyewe kwa sababu watu wamezoea kulisimulia vibaya.

Mimi ni Dorka, nesi Dorka, Mjaluo wa Utegi. Mwaka tisini na mbili nilihamishiwa zahanati moja ya huko: vyumba viwili, kitanda kimoja cha kuzalia, mizani ya kuning'inizia watoto, na nzi wa kutosha wilaya nzima. Nilidhani nakwenda kuzalisha wake za wakulima na wafugaji, kazi ya kawaida. Kumbe mwezi huohuo mtu alipiga jembe kwenye shamba la mahindi akaona jiwe linang'aa. Basi tena. Watu walitoka Turwa, walitoka Nyamisangura, walitoka Serengeti, hata mashemeji wa ng'ambo ya Sirari walifika na sururu zao wakisema wamekuja kusalimia tu. Mwalimu wa darasa la nne aliaga kwamba anakwenda msalani, na mara nyingine nilipomwona alikuwa mdomoni mwa shimo, mweupe kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni.

Shamba lenyewe lilikuwa la Mokami Werema. Huyu alikuwa mama wa miaka kama sitini, mrefu, mkavu, anatembea na fimbo ambayo miguu yake haikuihitaji. Mumewe alifariki zamani bila kumwachia mtoto wa kiume. Sasa kwa Wakurya, mwanamke wa namna hiyo hakai pembeni akalia. Anatoa ng'ombe, anaoa mke, mke anazaa na mwanamume wa kando, na watoto wanakuwa wa nyumba yake. Mokami alimwoa Gati, binti wa miaka ishirini, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Siku ya kwanza Gati alipokuja kliniki nilimuuliza mume wake yuko wapi, akamnyooshea kidole yule mama mwenye fimbo. Niliandika jina, nikafuta, nikaandika tena. Mokami akaniuliza kama kalamu yangu ni mbovu.

Gati alikuwa na mimba ya pili, na mimba hiyo ilininyima usingizi. Ya kwanza alizalia nyumbani, mwaka mmoja kabla sijafika. Mtoto hakuishi. Kondo lilipotoka damu ikafuata, ikaendelea kufuata, mpaka wakamwita mchungaji na kuanza kuulizana nani ana shuka jeupe. Akazinduka, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwanamke aliyevuja hivyo mara moja anaweza kuvuja hivyo tena. Nilimweleza Mokami kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kikurya changu kibovu, nikamweleza kwa kupiga meza: safari hii Gati azalie zahanati, karibu na sindano ya kuzuia damu, la sivyo tutamzika.

Mokami akakataa. Si kwa ubaya. Alikataa kwa sababu ya shimo.

Wachimbaji nao wana dini yao. Hawapigi mluzi chini, hawaingii na viatu vyekundu, na mtu akiota samaki hafanyi kazi siku hiyo. Nyapara wao, Nashoni, mtu mpole mwenye pengo la mbele, alikuwa amekaa akahesabu miezi kwa vidole, akagundua kwamba shimo la Mokami lilianza kuchimbwa mwezi uleule Gati aliposhika mimba. Kwa hiyo mimba ni moja, imebebwa na wawili. Gati akizaa, shimo nalo litatoa dhahabu. Na Gati akizalia mahali pengine, dhahabu itafuata damu ya uzazi itokee hukohuko. Mokami aliniambia wazi kwamba hawezi kwenda kuizalisha dhahabu yake kwenye zahanati ya serikali, serikali ikaichukua.

Nilikwenda shambani siku ya pili na mkoba wangu, nimekasirika tangu nyumbani. Nilisema maneno mengi. Nilimwambia Nashoni kwamba kama shimo hili lina mimba basi mimi ni askofu. Hakukasirika. Aliniuliza kwa adabu kama nimelipima. Nikasema sijalipima. Akasema basi nesi amejuaje, mtu aliyesoma anasema tu bila kupima?

Yawa! Nilichomoa ile pembe ya mbao tunayosikilizia mapigo ya mtoto tumboni, nikapiga magoti ukingoni, nikaisimika ardhini na kuweka sikio juu yake. Nilitaka waone jinsi jambo lao lilivyo la kipuuzi. Nilitaka wacheke. Wanaume kumi na wawili wakavua kofia. Mmoja alitaka kukohoa, mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja. Mokami aliinama mbele kwenye fimbo yake, na uso wake ulikuwa uleule ninaouona kila siku kwa akina mama wanaosubiri niwaambie kama mtoto yuko hai. Nikiwa pale chini, sikio limejaa vumbi, ndipo shetani aliponiingia. Au malaika, mpaka leo sijui yupi.

"Yupo," nikasema. "Lakini amekingama."

Hakuna mzazi asiyejua maana ya mtoto aliyekingama, kalala upande upande, hatoki kichwa wala miguu. Mokami alikaa chini palepale kwenye udongo. Nashoni akauliza dawa yake ni nini. Nikasema dawa hakuna, kuna kliniki: kila mwezi, shimo na Gati, wote wawili kwa pamoja, na siku ya kujifungua waje wote wawili zahanati, niwazalishe mimi kwa mkono wangu. Mmoja akauliza shimo litatembeaje. Nikasema wachote debe moja la udongo kutoka chini kabisa, walete hilo, litatosha kuliwakilisha. Dhahabu ikitaka kufuata itafuata debe lake, na debe ni la Mokami. Walitazamana, wakakubaliana kwamba hii ndiyo faida ya shule.

Basi nikaliandikia shimo kadi. Jina: Shimo la Mokami. Umri: miezi minne. Mimba ya ngapi: ya kwanza. Urefu: futi kumi na tisa. Kwenye mume nikaandika Mokami Werema, na safari hii kalamu haikusita. Chini kabisa, kwenye kadi ya shimo na ya Gati, nikaandika: shimo au mama akivuja, apewe sindano haraka.

Kila mwezi walikuja kwa maandamano. Mbele Mokami na fimbo, nyuma yake Gati, nyuma kabisa Nashoni amebeba debe kichwani, limefunikwa kitenge lisipigwe na jua. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walisogea kulipisha debe. Nililipima kwenye mizani ya watoto nikaandika kilo, kisha nikampima Gati, na huko ndiko kazi yangu ya kweli ilikokuwa. Nikasema shimo lina upungufu wa damu. Mwenzake inabidi ale maini, mchicha, maharage, maziwa, na mayai, mayai ambayo mjamzito huku alikuwa hapewi eti mtoto atazaliwa bila nywele. Nilisema pia mwenzake asibebe maji wala kuni, maana akijikaza yeye na shimo linajikaza. Na kuta za shimo zifungwe magogo imara, kwa sababu shimo lenye mimba halitakiwi kuachwa bila mkanda. Walifunga magogo siku ileile. Miezi yote hiyo hakuna aliyefukiwa pale, wakati mashimo ya jirani yalifukia watu.

Gati alinenepa, mashavu yakang'aa. Siku moja nilipobaki naye peke yetu aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni yeye mwenye mimba au ni shimo. Nikamwambia mimba ni yake, shimo ni shimo, na mimi ni mwongo. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Kisha akanisihi nisiwaambie mpaka azae, kwa sababu maini ni matamu na hajawahi kukaa kitako mchana tangu aolewe.

Uongo wangu ukazaa, tena ukazaa mapacha. Mwezi wa tatu nilikuwa na mashimo saba kwenye kliniki. Kila nyapara aliyesikia alimtafuta mjamzito wa kumwoanisha na shimo lake, na asiyekuwa naye alimwazima kwa ndugu. Walileta wake za binamu, walileta mashemeji kutoka Kenya wakiwa na mimba za miezi minane na hawajui kwa nini wameitwa. Wanawake ambao nilikuwa nawabembeleza tangu nifike sasa waliletwa alfajiri na waume zao, wameogeshwa. Marwa, mchimbaji mmoja mkorofi, aliniletea mama mkwe wake wa miaka sitini na mitano, akasisitiza nimwangalie vizuri. Yule mama aliniambia hana mimba ila ana njaa, na kama kuna maini yeye yuko tayari. Nilimwandikia maini. Mkaguzi alipokuja kutoka wilayani alinisifu kwa mahudhurio, kisha akauliza yale madebe saba kando ya mizani ni ya nini. Nikamwambia ni udongo. Akaandika udongo kwenye daftari lake, akaondoka zake.

Jambo moja tu lilinikalia vibaya. Dawa zilichelewa kuletwa mwezi ule, na ya kuzuia damu ilibaki chupa moja. Niliificha kwa ajili ya Gati kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikawa naitazama kila asubuhi.

Siku zake zilipotimia mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Nashoni alifika zahanati amelowa, anahema, akasema uchungu umemshika Gati tangu alfajiri na mto umejaa, hawezi kuvushwa. Nilikusanya vyangu. Tulipita juu kwenye daraja la gogo, mimi natambaa kwa mikono na magoti nikimwita Nyasaye, Mungu wa kwetu, Nashoni ananitangulia amesimama wima na mkoba wangu kichwani. Tulipofika, Gati alikuwa karibu. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini tu kutoka kwenye shimo. Wanaume hawaingii mahali pa uzazi, kwa hiyo nikachukua nilivyohitaji, mkoba wenye ile chupa ya chai nikauacha kibarazani penye baridi, Nashoni akiulinda. Hilo lilikuwa kosa langu, na nimejitukana kwalo mara nyingi kuliko alivyowahi kunitukana mtu yeyote.

Mtoto alitoka vizuri, wa kike, ana nywele mpaka mabegani, mayai na yote. Alilia kwa hasira. Mokami alimpokea kwenye kanga. Kondo likafuata. Na kama nilivyoogopa miezi yote, damu nayo ikafuata.

Niliweka mkono juu ya tumbo la Gati nikaanza kulikanda kwa nguvu, ili mji wa uzazi ujikaze. Ulikuwa laini, haujikazi. Nikapaza sauti Nashoni alete mkoba. Nikaita tena. Mokami akachungulia mlangoni, akasema kibaraza ni kitupu.

Na papo hapo tukasikia kelele za shimoni. Ukuta wa chini ulikuwa umepasuka, maji ya mto yakaanza kuingia. Wanaume wote walikuwa wameshatoka salama, shukrani kwa magogo yale. Lakini ndani ya shimo, asubuhi ileile, walikuwa wamefikia mwamba wenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, mstari mnene kama kidole. Kwao, sasa chupa ya uzazi ya shimo imepasuka na shimo linavuja. Na kadi yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilisema shimo au mama akivuja apewe sindano haraka. Nashoni alikuwa mtu wa kufuata kadi.

Nilipiga kelele kutoka pale kitandani kwamba nilidanganya, shimo halina mimba, halijawahi kuwa na mimba, rudisheni mkoba wangu enyi wapumbavu. Sauti ya Nashoni ilinijibu kutoka mvuani, kwa heshima zake zote, kwamba nesi ana wasiwasi wa kawaida, ila mama ana mtu wa kumkanda na shimo halina.

Sikuweza kutoka. Nikiondoa mikono yangu Gati anakwisha. Nilimtazama Mokami. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mkononi, uso umeelekea shimoni ambako kila kitu alichowahi kukitumaini kilikuwa kinazama. Na yeye aliamini. Hilo ndilo lililonitisha. Katika watu wote wa Nyanungu hakuna aliyeamini kuliko Mokami kwamba ile sindano inaweza kuliokoa shimo lake. Mdomo wangu unaojua maneno yote ukakosa maneno, nikabaki na yale machache ya kweli.

"Mama Mokami," nikasema, "dawa ni moja."

Alimwangalia Gati, midomo yake ilikuwa imeshaanza kuwa myeupe. Akamlaza mtoto kifuani pa mama yake.

"Shimo nililikuta," akasema. "Huyu nilimposa."

Akaingia mvuani na fimbo yake. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye, na kila aliyenisimulia alikuwa anajipapasa mahali fulani mwilini. Mokami alikuta chupa ya chai imefunguliwa na dawa imeshavutwa kwenye bomba la sindano, na Nashoni amelishika juu kama mshumaa. Hawakuwa wamelichoma shimo bado kwa sababu moja tu. Nesi Dorka huchoma takoni, kila mtu alilijua hilo, na wanaume kumi na wawili walikuwa wanabishana tako la shimo liko upande gani. Wengine walisema ni upande wa mto, kwa sababu ndio mnene. Yule mwalimu wa darasa la nne alikuwa anachora kwa kijiti kwenye tope. Nashoni alikuwa anaelekea kukubaliana na upande wa mto fimbo ilipomfikia, na ikawafikia wengine kumi na mmoja kwa zamu bila upendeleo. Mwalimu alipigwa mbili, ya pili kwa sababu ya ule mchoro.

Mokami alirudi akikimbia, mama wa miaka sitini, bomba la sindano amelifumbata kifuani chini ya kanga. Sikuuliza limeshikwa na nani wala wapi. Nilibadilisha sindano ya mbele, nikamchoma Gati, nikaendelea kukanda. Nilikanda huku namtukana Nashoni kwa Kijaluo, ukoo mzima, wa juu na wa chini. Halafu nikausikia mji wa uzazi chini ya kiganja changu unajikaza, unakuwa mgumu, mviringo, mzuri. Damu ikapungua. Ikapungua tena. Ikakata. Nililia bila aibu, makamasi na yote, na Gati akafungua macho akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini nammwagia maji.

Mchana mvua iliacha. Shimo lilikuwa limejaa mpaka juu, limetulia, magogo yanaelea na bata wawili wameshafika. Wachimbaji walifungasha sururu zao wakahamia kwenye shimo la Marwa, Nashoni akiwa wa mwisho, anachechemea. Aliacha mkoba wangu kibarazani, ameupanguza tope, akaniomba radhi kupitia dirishani.

Mokami alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda na mtoto mapajani. Hakutazama nje hata mara moja. Mimi roho ilikuwa inanisuta. Niliona huyu mama anaomboleza mali iliyopotea kwa maji tu, siyo kwa uamuzi wake, na kwamba mzigo anaobeba niliupika mimi siku ile nilipopiga magoti na pembe yangu. Nikaona ni haki nimtue.

"Mama Mokami," nikaanza, "kuhusu lile shimo. Sindano isingesaidia kitu. Mimi..."

Aliinua kiganja chake, kile kikubwa cha jembe, akaniwekea karibu kabisa na mdomo.

"Nyamaza, nesi. Nimeiacha dhahabu yangu kwa ajili ya mke wangu. Usiniambie kwamba sikuacha kitu."

Nikanyamaza. Gati, ambaye tulidhani amelala, alinyoosha mkono akashika pindo la kanga ya Mokami, akalishika hivyo mpaka usingizi ukamchukua kweli.